Reli ya Kusini: Ianzie Wapi, Ipite Wapi

Tangu Julai 2024, treni ya umeme ilipofika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa mwendo wa saa chache, swali limehama. Zamani watu waliuliza kama reli mpya itajengwa kweli. Siku hizi wanauliza itaelekea wapi. Wa Mwanza na Kigoma wamekwisha kujibiwa, kwani njia zao zimepimwa na kukabidhiwa wajenzi. Wa Tanga, Arusha na Musoma wana ramani yao. Wakazi wa Dar es Salaam nao wanadai, na wana haki ya kudai, treni za kuwatoa nyumbani hadi kazini, kwa maana zile zilizoanza Oktoba 2012 kwenye njia kuukuu za mjini zilionyesha wazi jinsi kiu hiyo ilivyo kubwa.

Katika safu hii tungependa kulitazama swali hilo kutoka mahali ambapo halitazamwi mara nyingi. Tusimame Mapera, huko wilayani Mbinga, jina ambalo mgeni hudhani ni la tunda tu. Mkazi wa kata hiyo akitaka kuiona treni kwa macho yake, hana budi kushuka Mbinga mjini, apite Songea, avuke Njombe, afike Makambako ilipo stesheni ya TAZARA. Kutoka Mbinga peke yake ni safari ya karibu kilomita 400. Mtu huyo analima kahawa inayonywewa Ulaya na Japani, na wajukuu wake wanasoma shuleni habari za garimoshi katika vitabu.

Hali hii haikuletwa na milima peke yake. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893 wakafika Moshi mwaka 1911. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakafika Kigoma mwaka 1914. Kusini walipima tu. Walikuwa na mpango wa njia ya kutoka Kilwa hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa karibu na Manda, na wataalamu wao waliipita nchi hiyo kwa miguu, lakini mpango haukutoka kwenye karatasi. Vita ya Maji Maji iliyozuka mwaka 1905 iliiteketeza nchi yote ile. Baada yake ikaja vita ya mwaka 1914, na hapo hapakuwa tena na wa kuulizwa. Waingereza waliofuata walirefusha njia walizozikuta, wakafika Mwanza mwaka 1928 na Arusha mwaka 1929.

Hata hivyo si kweli kwamba kusini haijapata kuwa na reli. Ilikuwa nayo, na kisa chake yafaa kisimuliwe kwa kirefu kwa sababu wengi wa wasomaji wetu wamezaliwa baada ya mataruma yake kung'olewa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilishawishika kwamba Tanganyika yaweza kulimwa karanga kwa matrekta katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilikuwa mbali na bandari, kwa hiyo reli ikajengwa kutoka pwani kuifuata, kwanza kutoka upande wa Lindi na kisha kutoka Mtwara, ambako ilichimbwa bandari ya kina kirefu. Reli ikapigwa, gati likamwagwa zege, nyumba za wafanyakazi zikasimama. Karanga hazikuja. Udongo ulikuwa mgumu kwa majembe ya trekta, mvua hazikufuata kalenda ya Uingereza, na wakubwa wa mradi hawakuwauliza wakulima wa pale ambao wangewaambia yote hayo bila malipo. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kula pauni zaidi ya milioni 36. Reli ilijikongoja miaka kumi hivi ikibeba mbao, korosho na abiria wachache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari ya Mtwara ikabaki, na ndiyo faida pekee ambayo wananchi wa kusini waliipata kutokana na karanga zile.

Tunakumbusha kisa hicho kwa sababu ndicho kinachoturudishwa usoni kila tunapoitetea reli ya kusini. Tunaambiwa: mlijengewa, ikakosa mzigo. Jibu letu ni kwamba reli ile ilijengwa kwa ajili ya mzigo uliokuwa bado kichwani mwa watu wa London. Mzigo wa leo uko barabarani, na kila anayeishi kando ya barabara ya Songea hadi Tunduru anausikia ukipita usiku.

Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, wilayani Mbinga. Mwanzoni yaliuzwa kwa viwanda vya ndani na nchi za jirani. Mwaka 2016, Serikali ilipozuia makaa kuagizwa kutoka nje, viwanda vya saruji, kikiwamo kile cha Dangote kilichoanza kazi Mtwara mwaka 2015, vikayageukia makaa ya nyumbani. Kisha mwaka 2022 vita ya Ukraine ikapandisha bei ya nishati duniani, na meli zikaanza kupanga foleni Mtwara kuyachukua. Yote hayo yalisafirishwa kwa malori, kilomita mia kadhaa kutoka bonde la Ngaka hadi baharini, kwenye barabara ya lami ambayo wananchi waliingoja tangu Uhuru na ambayo vipande vyake vya mwisho vilikamilika juzijuzi tu.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua treni ya mabehewa 40, kila behewa likibeba tani 60. Hizo ni tani 2,400 kwa safari moja, zinazovutwa na wafanyakazi wachache. Lori lenye tela hubeba tani 30 hivi. Kwa hiyo treni moja ni sawa na malori 80, yenye madereva 80, matairi zaidi ya elfu moja na mia saba, na matangi 80 ya dizeli ambayo imeagizwa kwa fedha za kigeni. Lami huchoka kwa uzito wa ekseli kuliko kwa wingi wa magari, na wahandisi wa barabara hutuambia kwamba ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, madhara yake huzidi mara kumi na sita hivi. Anayelipa ukarabati wa lami hiyo ni mwananchi yuleyule ambaye basi lake hupishana na malori hayo kwenye kona za Tunduru. Tunaposema reli ni ghali, ingefaa gharama hii nayo iwekwe kwenye mizani.

Jambo lingine linaloitofautisha reli hii na ile ya karanga ni kwamba mzigo uko wa kwenda na wa kurudi. Makaa yanateremka Mtwara; saruji inapanda. Korosho za Masasi na Tunduru zinateremka. Mbolea ya mahindi ya Songea na Namtumbo inapanda. Mbolea hiyo, mkulima wa Mapera anajua, huja wakati barabara za vijijini ni tope, na bei yake kwenye ghala la kijiji ina ndani yake nauli yote tangu melini. Zaidi ya hayo kuna urani ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, na kule Ludewa kuna chuma cha Liganga kinachokadiriwa kufikia tani milioni 126, na makaa ya Mchuchuma yanayokadiriwa kufikia tani milioni 428. Hivi viwili vya mwisho tunavitaja kwa tahadhari. Mkataba wa kuvichimba ulitiwa saini Septemba 2011, na miaka zaidi ya kumi ikapita bila jiko la kuyeyushia chuma kuwashwa. Reli isiyoweza kujilipia mpaka Liganga ianze, itakuwa ya karanga kwa mara ya pili.

Basi mpango wenyewe ukoje? Ni njia ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, yote yakikaribia kilomita 1,000. Wazo lake lilipewa sura ya kimataifa mwaka 2004, wakati Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilipokubaliana juu ya ushoroba wa Mtwara. Upembuzi yakinifu umefanyika, na Serikali imesema itatafuta mbia wa kujenga nayo badala ya kubeba mkopo wote peke yake. Hatuna ugomvi na ubia. Tuna wasiwasi na neno moja tu ambalo wabia hulipenda: awamu.

Wakenya walijenga reli yao mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, wakaiendeleza hadi Suswa mwaka 2019, na hapo fedha zikakatika. Treni ya kifahari ikawa inaishia kwenye nyika ya Bonde la Ufa, mbali na Kisumu, mbali na mpaka wa Uganda, mahali ambapo shehena yote hulazimika kuhamishwa. Addis Ababa nao walifungua reli nyepesi ya mjini mwaka 2015, ya kwanza ya namna yake katika eneo letu, wakashangiliwa na dunia. Miaka michache baadaye treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Na sisi wenyewe tuna TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kwa jasho la Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, iliyokusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa inabeba chini ya tani laki moja. Hakuna aliyeing'oa. Ilikosa vichwa vya treni, vipuri na mtaji wa kuendeshea.

Kwa hiyo twaona kwamba swali la awamu ndilo lenye uzito kuliko yote. Wapo wanaoshauri ujenzi uanze kwa sherehe Mbamba Bay, ili watu wa ziwa waone. Sisi tunasema uanze Mtwara, bandarini, kwenye gati jipya la mita 300, na usisimame popote kabla ya kufika Songea na kwenye makaa ya Ngaka. Kipande kinachoishia Masasi au Tunduru kitaokota korosho kwa miezi michache ya msimu na kulala muda uliobaki wa mwaka. Ama reli ifike kwenye mzigo kwa mkataba mmoja na fedha zilizohakikishwa, ama isianze. Makaa nayo hayana haraka. Si lazima njia hii ijengwe kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa kama ile ya Dodoma. Reli imara ya mwendo wa kadiri, yenye matuta na madaraja ya kuhimili uzito, itamfaa mkulima kuliko reli ya fahari inayoishia njiani.

Liko wazo jingine ambalo haifai kulipuuza. Kuna wanaosema kwamba badala ya kilomita 1,000 za njia mpya isiyogusana na reli nyingine yoyote ya nchi, litolewe tawi kutoka TAZARA, Makambako, hadi Songea. Ni fupi zaidi, na geji ya milimita 1,067 ya TAZARA ingeendelea mpaka Ruvuma. Kwa mhasibu wazo hilo ni tamu. Lakini lingepeleka mzigo wa kusini Dar es Salaam, kwenye bandari ambayo tayari inahudumia nchi sita, na kuiacha Mtwara ikipiga miayo kama ilivyopiga miaka arobaini. Tunalikataa, ila tunakiri kwamba wenye kulitoa si maadui wa kusini.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo haitawapendeza baadhi ya wasomaji wetu.

Njia ikishafika Songea, itashukia wapi ziwani? Mbinga mjini iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyokamilika mwaka 2021, inauteremka ukingo huo kwa kona ambazo abiria mgeni huzifumbia macho. Gari laweza. Treni ya mizigo haiwezi, kwa kuwa haipendi mteremko unaozidi mita 15 kwa kila kilomita. Kuteremka mita 900 kwa kipimo hicho kunahitaji kilomita 60 za njia isiyopumzika, inayojizungusha mlimani, pamoja na mahandaki na madaraja marefu. Upande wa kaskazini, bonde la Ruhuhu linashuka taratibu zaidi kuelekea ziwani, na ndimo yalimo makaa, ya Ngaka na ya Mchuchuma pia. Mhandisi yeyote asiye na ndugu Mbinga atalitazama bonde hilo kwanza.

Tunajua yanayosemwa vijijini. Katika kata za juu, Mapera ikiwamo, lipo tumaini kwamba reli itapita karibu, na kwamba kahawa itapakiwa hapo hapo. Tumaini hilo limekuzwa na wasemaji wa kila aina kila miaka mitano. Sisi tunaona ni heri kusema wazi: reli haitapanda milima ya Wamatengo. Na hata kama mtu angekuwa na fedha za kuipandisha, tungemwomba afikiri mara mbili. Miteremko ile imeshikiliwa na mashimo ya ngolo, kilimo ambacho mababu walikibuni ili mvua isiuchukue udongo. Wanaume hulaza nyasi, wanawake hufukia, na shimo baada ya shimo mlima mzima hubaki mahali pake. Tuta la reli likikatwa katikati ya mlima wa namna hiyo huvuruga njia ya maji ya kijiji kizima, na anayelima chini ya tuta huona athari yake kwenye masika ya kwanza.

Kile ambacho watu wa Mapera wana haki ya kukidai ni kitu kingine, na ni cha bei nafuu zaidi. Kwanza, stesheni ya mizigo mahali ambapo barabara za nyanda za juu zinakutana na njia ya reli, tuseme upande wa Kitai, yenye ghala la kahawa lililotenganishwa na makaa. Jambo hili si dogo. Kahawa hunyonya harufu na vumbi. Gunia lililolala siku mbili kando ya lundo la makaa hushuka daraja, na likishuka daraja mkulima ndiye anayekatwa. Pili, barabara za changarawe na madaraja ya kudumu kutoka kwenye vyama vya msingi hadi stesheni hiyo. Tatu, mabehewa ya abiria. Mipango ya reli za madini ina desturi ya kusahau abiria, na mama mwenye mgonjwa wa kumpeleka hospitali ya rufaa hawezi kupanda behewa la makaa.

Mintarafu ardhi, wenye mashamba huko Ludewa walioambiwa wasiendeleze maeneo yao kwa ajili ya Liganga na Mchuchuma walipata fidia mwaka 2023. Walikuwa wamengoja miaka mingi, wasipande mti wala kuezeka nyumba upya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa sawasawa. Mwenye shamba akiwekewa alama ya rangi kwenye ukuta na kuambiwa asubiri, si ardhi tu inayosimama. Anapoteza mavuno ya miaka ambayo hakuipanda.

Kuhusu ziwa lenyewe, bandari mpya ya Mbamba Bay ni jambo jema, na MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, imewapunguzia adha wakazi wa mwambao ambao kwa muda mrefu walitegemea mitumbwi na bahati. Mbele ya Mbamba Bay, ng'ambo ya maji, iko Nkhata Bay ya Malawi. Nchi hiyo haina bahari, na mzigo wake ndio unaotajwa sana kila reli ya kusini inapojadiliwa. Lakini Malawi haikulala ikitungoja. Reli ya kutoka Moatize hadi Nacala, nchini Msumbiji, inapita katikati ya nchi yao, na shehena yao yaweza kwenda baharini bila kupakiwa melini mara mbili. Ili mfanyabiashara wa Malawi aichague Mtwara, hatuna budi kumpa bei na uhakika wa siku. Kwa sababu hiyo tunaona kipande cha Songea hadi ziwani kije baadaye, baada ya makaa na mazao kuthibitisha kwamba treni zinakwenda na kurudi. Lami ya kilomita 66 itabeba mzigo wa ziwa kwa muda huo, na haitazidiwa ikiwa makaa yatakuwa yameondolewa barabarani.

Tunajua wenzetu wa mwambao, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, watasema tumewaweka nyuma. Tumewaweka wa pili. Ni afadhali kuwa wa pili katika reli inayokwenda kuliko kuwa wa kwanza katika jiwe la msingi.

Na wale wa Dar es Salaam? Hatuwaonei choyo. Mji wenye watu zaidi ya milioni tano hauwezi kuishi kwa mabasi peke yake, hata yale ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016. Ila nauli ya mjini na shehena ya mikoani ni vitabu viwili vya hesabu, na lisingefaa la kwanza kutumiwa kuliahirisha la pili, kama ilivyotokea mara nyingi fedha zilipokuwa chache. Njia ya Tanga hadi Musoma nayo ina magadi ya Ziwa Natron na wakulima wake. Wenyeji wake watajitetea.

Tunachoomba kwa sasa kwa wanaohusika ni kitu kimoja. Kabla mbia hajatiwa saini, ramani ya njia kutoka Songea kwenda magharibi itolewe hadharani, ibandikwe kwenye ofisi za kata kutoka Kigonsera hadi Mapera na Lituhi, ikionyesha stesheni ziko wapi na mashamba gani yataguswa, na wananchi wapewe mkutano wa kuuliza maswali. Mkutano huo usiitishwe katika miezi ya Juni hadi Septemba. Watu watakuwa shambani wakichuma kahawa.